Kuzeesha sakafu ya saruji kwa rangi: mwongozo kamili, kuanzia niru hadi vanishi

Ukiingia kwenye nyumba ya zamani, zile zilizojengwa kwa ajili ya watumishi wa serikali au wa reli, tazama sakafu kabla ya ukuta. Ile sakafu nyekundu iliyopigwa polishi miaka nenda miaka rudi haijachakaa sawasawa kila mahali. Mlangoni wekundu umekwisha na saruji ya kijivu imetokeza. Palipokuwa na kabati pana wekundu uleule wa siku ya kwanza. Na kando ya ukuta kuna ukanda mweusi ambao dekio halikuwahi kuufikia vizuri.

Kazi nzima ya kuzeesha sakafu, yaani kuipa sura ya miaka mingi kwa rangi, iko hapo. Miguu inaondoa rangi, kona zinatunza uchafu, na mambo hayo mawili hayakai mahali pamoja. Anayepitisha msasa chumba kizima kwa nguvu ileile anapata sakafu inayoonekana kupakwa vibaya. Anayefuata miguu anapata sakafu ambayo mgeni ataulizia nyumba ilijengwa lini.

Mwongozo huu ni wa sakafu ya saruji iliyopigwa niru, yaani tabaka la juu la saruji lililolainishwa kwa mwiko, ndani ya nyumba: sebule, chumba cha kulala, ukumbi wa kulia chakula, baraza lililoezekwa. Bafuni na uani sishauri. Maji yanayosimama na jua la mchana vitamaliza rangi kabla hujaifurahia. Tenga wiki moja au zaidi ambayo chumba hakitumiki, kwa sababu muda mwingi unakwenda kwenye kusubiri kukauka.

Kwanza, sakafu yenyewe inasemaje?

Saruji mpya haipakwi rangi haraka. Iache siku 28 angalau, na msimu wa mvua iache zaidi. Sababu si unyevu peke yake. Saruji changa ina alkali kali, na alkali ikikutana na rangi ya mafuta inaigeuza kuwa sabuni, kwa kemia ileile ya kutengeneza sabuni ya kufulia. Rangi inakuwa laini, inanata, kisha inabanduka kama ganda. Ndiyo maana katika kazi hii natumia rangi ya maji ya akriliki iliyotengenezwa kwa ajili ya sakafu, siyo ya mafuta, hata kama sakafu ni ya zamani.

Jaribio la pili ni la unyevu unaopanda kutoka ardhini. Nyumba nyingi zilijengwa bila nailoni chini ya zege, na nyumba za pwani nyingine zilitumia mchanga wenye chumvi. Kata kipande cha nailoni nene chenye upana wa sentimita 45 kila upande, kibandike sakafuni kwa tepu pande zote nne pasipite hewa, kisha ukiache saa 16 au zaidi. Usiku mzima na asubuhi yake inatosha. Fanya hivyo sehemu mbili tatu, mojawapo karibu na ukuta wa nje. Ukikuta matone chini ya nailoni, au saruji imekuwa nyeusi kuliko jirani yake, sakafu inapumua maji. Hapo rangi isubiri. Ukiona unga mweupe wa chumvichumvi ukirudi kila baada ya kufagia, jibu ni hilohilo. Hakuna praima ya dukani, ile rangi ya kwanza ya kushikisha, itakayozuia maji yanayosukuma kutoka chini kwa muda mrefu, hata muuzaji akiapa.

Jaribio la tatu ni tone la maji. Dondosha maji sehemu mbalimbali uangalie. Yakinyonywa ndani ya dakika moja hivi, rangi nayo itashika. Yakikaa juu yakiwa duara, kuna kitu kinazuia: polishi, vanishi ya zamani, au mafuta ya taa. Hili la mafuta ya taa lisichukuliwe kwa wepesi. Nyumba nyingi zimepigwa deki kwa maji yenye mafuta ya taa ili sakafu ing'ae na wadudu wakimbie, na niru iliyolelewa hivyo kwa miaka kumi imeshiba mafuta.

Kama tayari kuna rangi, jua ni ya aina gani. Lowesha kitambaa cheupe kwa spiriti ya kawaida, ile ya hospitali, sugua mahali pamoja kwa nusu dakika. Kitambaa kikichukua rangi, ni rangi ya maji. Kikitoka safi, huenda ni ya mafuta au epoksi, na itahitaji msasa pamoja na praima ya kushikisha kabla hujaweka cha maji juu yake. Rangi ya mafuta ya miaka mingi inaweza kuwa na madini ya risasi ndani. Hiyo usiisugue ikavu hata siku moja. Isugue ikiwa imeloa, watoto na mama mjamzito wasiwepo nyumbani, na uchafu wake uufunge kwenye mfuko badala ya kuufagilia uani kwa kuku.

Vifaa na vipimo

Nachukua mfano wa chumba cha futi 12 kwa 14, yaani takribani mita za mraba 15 na nusu. Lita moja ya rangi ya sakafu inafunika kati ya mita 8 na 10 za mraba kwenye saruji laini, na chini ya hapo kwenye saruji inayonyonya. Kwa hiyo mikono miwili, yaani tabaka mbili, ya rangi ya chini itakula galoni moja ya lita 4. Rangi ya juu ni mkono mmoja tu: lita 2. Rangi ya uchafu, ile ya kahawia iliyokolea, nusu lita inabaki. Vanishi mikono mitatu: lita 5. Soma kopo lako, maana viwanda vinatofautiana, na nunua rangi ya kila tabaka kwa mara moja. Rangi iliyochanganywa leo na iliyochanganywa wiki ijayo hazifanani kamwe, hata kwa mashine.

Vingine ni vya kawaida: msasa namba 80, 120 na 220, kibao cha kushikia msasa, skrepa, rola yenye manyoya mafupi na mpini mrefu, brashi pana ya inchi 4 na ndogo ya inchi 2, masking tepu, ndoo mbili, vitambaa vya pamba vingi kuliko unavyodhani, fulana kuukuu zinafaa kuliko chochote, stili waya au kile kipande cha kijani cha kusugulia sufuria, chaki, spiriti nyeupe (ile ya kuyeyushia rangi ya mafuta, siyo ya hospitali), sabuni ya unga. Na barakoa ya vumbi inayobana usoni, ile ya daraja la N95 au zaidi. Vumbi la saruji lina silika, na silika ikishaingia kwenye mapafu haitoki. Kitambaa kilichofungwa puani hakiizuii.

Kuandaa sakafu

Hapa ndipo kazi inapokufa au kupona, na hapa ndipo watu wanapoharakisha. Niru nzuri ni laini, imesuguliwa kwa mwiko mpaka inateleza, na ulaini huo ndio adui wa rangi. Unataka ukipitisha kiganja usikie ukwaru mdogo, kama wa msasa namba 120.

Anza kwa kutoa nta na mafuta. Usianze na msasa, kwa sababu utasukuma nta iingie ndani zaidi. Mimina spiriti nyeupe kidogo kwenye eneo la mita moja, sugua kwa stili waya, futa kwa kitambaa safi kabla haijakauka, kisha tupa kitambaa na uchukue kingine. Ukiendelea na kitambaa kilekile unahamisha nta kutoka huku kwenda kule. Madirisha yawe wazi, jiko lisiwake, sigara isivutwe. Ukimaliza chumba kizima, sugua tena kwa maji ya moto na sabuni ya unga kwa brashi ngumu, suuza mara mbili, uache ikauke kutwa nzima. Rudia tone la maji. Kama bado linasimama mahali, rudia mahali hapo.

Ndipo msasa namba 80. Lowesha sakafu kidogo ili vumbi lisiruke, sugua kwa mizunguko, kusanya tope, suuza. Kwa chumba kikubwa kodi mashine ya kusugulia sakafu. Mkono unawezekana lakini magoti yatakudai.

Baadhi ya mafundi watakwambia umwagie asidi, ile kali inayouzwa kusafishia vyoo na tailizi. Inafanya kazi, kwa kweli inaula uso wa saruji vizuri, lakini ndani ya nyumba mimi siipendi: moshi wake unakwangua koo, unaharibu vyuma na bawaba za milango, na isipozimwa vizuri inabandua rangi baadaye. Ukiamua kuitumia, asidi ndiyo inayotiwa kwenye maji, kamwe siyo maji kwenye asidi. Vaa glovu za mpira na miwani. Ikimaliza kutoa povu izime kwa maji yaliyoyeyushwa magadi, kisha suuza mpaka uchoke. Na usiiache ikutane na dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Zikichanganyika zinatoa gesi ya klorini, na katika chumba kilichofungwa gesi hiyo inaua.

Nyufa ndogo usizibe zote. Ufa mwembamba uliotulia ni zawadi, rangi ya uchafu itaingia humo na kufanya kazi kwa niaba yako. Ziba zile zinazopitisha sarafu, na mashimo ambayo mguu wa kiti utazama. Ukiziba, kiraka kisawazishwe kwa msasa na kiachwe kikauke kabisa, la sivyo kitanyonya rangi tofauti na kitaonekana milele.

Rangi ipi juu ya ipi

Kanuni yangu ni rangi mbili na uchafu mmoja. Watu huongeza ya tatu na ya nne, sakafu ikaishia kuwa kelele. Rangi ya chini ndiyo itakayochungulia palipochakaa, kwa hiyo ndiyo inayosema umri. Ya juu ndiyo utakayoishi nayo.

Kwa nyumba zetu hakuna rangi ya chini inayoaminika kuliko nyekundu ya udongo. Wekundu huo ni oksidi ya chuma, kutu kwa lugha ya mtaani, na kutu haiogopi alkali ya saruji wala jua. Ndiyo maana sakafu za miaka mingi bado ni nyekundu ilhali milango ya nyumba hizohizo imepauka. Manjano ya udongo na nyeusi za oksidi zina tabia hiyohiyo. Baadhi ya buluu, hasa ile buluu nzito ya Prussia, huharibiwa na alkali, kwa hiyo ukitaka buluu iweke juu, ikiwa imetenganishwa na saruji kwa mikono miwili ya rangi ya chini.

Michanganyiko inayokubali: nyekundu chini na krimu juu, inayotoa sura ya nyumba ya shamba, nyekundu chini na kijani cha majani makavu juu, kijivu cha mkaa chini na buluu iliyopauka juu, inayopendeza nyumba ya pwani yenye mwanga mwingi. Nyeupe tupu iache. Nyeupe ya kopo haijawahi kuzeeka ikabaki nyeupe, na jicho linajua. Idondoshee manjano ya udongo na tone la nyeusi mpaka ifanane na karatasi ya daftari la zamani.

Kabla hujagusa sakafu, fanya jaribio kwenye kipande cha hadibodi au kibamba cha saruji cha sentimita 60 hivi, tabaka zote mpaka vanishi. Kiweke chumbani ukione asubuhi, mchana na usiku taa ikiwaka. Taa za LED nyeupe zinaweza kuifanya krimu ionekane ya kijani, na ni afadhali uligundue hilo kwenye kibao.

Ramani ya miguu

Chukua chaki. Panga fanicha kichwani, au bora zaidi, zungumza na anayeshinda ndani ya nyumba hiyo, kwa sababu ndiye anayejua watu wanapita wapi. Chora njia: kutoka mlango wa mbele kwenda wa jikoni, kutoka hapo kwenda koridoni. Njia haipiti katikati ya chumba kwa mstari ulionyooka. Watu wanakata kona, wanazunguka meza, na wanakanyaga sana pale wanapogeuka. Mlangoni uchakavu ni mpana na umekolea, kisha unasambaa kuelekea ndani na kufifia. Mbele ya sofa kuna alama mbili za visigino kwa kila anayekaa. Mbele ya dirisha ambako mtu husimama kutazama nje pana duara. Chini ya kitanda na nyuma ya mlango hakuna kitu.

Gawa sakafu katika maeneo matatu kwa chaki: palipochakaa sana, palipochakaa kiasi, na palipo salama. Sehemu salama iwe zaidi ya nusu ya chumba. Hii ndiyo hesabu inayowashinda wengi, kwa sababu mkono ukishapata utamu wa kusugua hautaki kusimama. Piga picha ya ramani hiyo kwa simu, maana rangi ya chini itaifuta chaki yote.

Rangi ya chini

Piga praima kama kopo la rangi yako linaitaka. Kisha weka tepu kwenye ubao wa chini ya ukuta, paka kingo kwa brashi ya inchi 2, halafu rola, ukianzia kona ya mbali na mlango. Sijui kwa nini hili bado linahitaji kusemwa, lakini watu wanajifungia. Mkono wa kwanza uwe mwembamba. Subiri muda ulioandikwa kwenye kopo, mara nyingi saa 4 hadi 6, ongeza saa mbili kama uko pwani wakati wa masika. Mkono wa pili upige kwa kuvuka mwelekeo wa kwanza. Uache usiku mzima, na zaidi kama kidole kikibonyeza bado kinanata.

Baridi nayo ina neno. Kwa wa Njombe, Lushoto au Limuru, anza saa nne asubuhi sakafu ikishapata joto na umalize kabla jua halijageuka. Chini ya nyuzi 10 rangi nyingi za maji zinakauka bila kushikana, na utaziona zikitoka unga baadaye. Usiingize jiko la mkaa kuharakisha. Moshi wake usioonekana ni sumu, na masizi yatakaa kwenye rangi mbichi.

Rangi ya juu, na kuifuta

Hapa fanyeni wawili, mmoja apake na mwingine afute. Peke yako inawezekana ukienda kwa vipande vidogo.

Rangi ya juu iongeze maji kidogo, sehemu moja ya maji kwa sehemu nane au kumi za rangi, isizidi kiwango ambacho kopo linaruhusu. Tumia brashi ya inchi 4, siyo rola. Rola inaacha vidoadoa vinavyofanana kila mahali, brashi inaacha mistari, na mistari ndiyo inayofanana na kazi ya mkono ya zamani. Paka eneo la mita mbili za mraba, ukivuta brashi kwa kufuata urefu wa chumba. Sehemu salama zipate rangi ya kutosha. Kwenye njia za miguu paka nyembamba tangu mwanzo, hata brashi ikiwa karibu kavu ni sawa. Rangi ikiwa nyembamba pale inapotakiwa kutoka, utafuta nusu ya nguvu.

Sasa subiri. Rangi ikipoteza mng'ao wa maji lakini kidole kikisugua kwa nguvu bado inatoka, wakati umefika. Kwenye joto la Dar es Salaam huenda ni dakika 20, Arusha dakika 40. Usiangalie saa, angalia rangi. Chukua kitambaa cha pamba, kiloweshe, kikamue mpaka kisidondoshe. Anzia katikati ya njia ya mguu, sugua kwa kufuata mwelekeo wa mtu anavyotembea, kisha upunguze nguvu kadiri unavyosogea pembeni. Rangi ya juu italegea, itavimba kidogo, halafu nyekundu itachungulia kwanza kama vumbi, baadaye kama madoa, mwisho kama eneo. Simama kwenye madoa sehemu nyingi. Eneo lililofunuka kabisa liwe mlangoni na mahali pamoja pawili tu.

Kingo ndizo zinazomsaliti fundi. Uchakavu wa kweli hauna mpaka. Ukiona mstari unaotenganisha palipofutwa na palipobaki, geuza kitambaa upande mkavu na upige mpaka huo kwa kugusagusa, bila kusugua, mpaka upotee. Suuza kitambaa mara kwa mara, la sivyo kitaanza kupaka badala ya kufuta. Kabla hujahamia kipande kinachofuata, ukingo wa kile ulichomaliza uwe bado mbichi ili viungane bila alama.

Kila baada ya vipande vitatu, simama wima, nenda mlangoni, tazama. Ukiwa umepiga magoti unaona madoa, ukiwa umesimama unaona sakafu, na watu wataiona wakiwa wamesimama.

Kesho yake, rangi ikiwa imekauka, ongeza makali machache kwa msasa namba 120 uliozungushwa kwenye kibao: kizingiti, pembe ya nguzo, ukingo wa ngazi kama ipo, mahali mguu wa meza ungekuwa umeburuzwa. Mikwaruzo michache mirefu inatosha. Mlangoni unaweza kusugua mpaka saruji yenyewe ionekane, ukubwa wa kiganja, kwa sababu ndipo sakafu ya kweli ingefika huko. Mahali pengine ishia kwenye nyekundu.

Kuna njia ya mshumaa, ambayo inasifiwa sana kwenye meza na makabati: unasugua nta juu ya rangi ya chini ili ya juu isishike. Kwa sakafu iache. Chembe ya nta itakayobaki itaikataa vanishi, na miezi michache baadaye sakafu itaanza kubanduka kweli, tena pale pale inapokanyagwa. Gundi nyeupe ya mbao inayofanya rangi ipasuke vipande ina kasoro hiyohiyo. Ukiipenda, iweke kwenye ukanda wa pembeni ambako hakuna anayekanyaga.

Uchafu wa kona

Huu ndio umri wa pili, na unakaa kule ambako ule wa kwanza haukufika. Changanya sehemu 1 ya rangi ya kahawia iliyokolea, sehemu 3 za vanishi ya maji na sehemu 2 za maji. Vanishi isikosekane. Ukitumia maji matupu rangi inapungukiwa gundi na itafutika pamoja na deki la kwanza.

Paka kwa brashi ndogo kwenye ukanda wa sentimita 10 hadi 20 kando ya kuta, ndani ya nyufa, kuzunguka mahali ambapo fanicha nzito ingekaa miaka. Hesabu pumzi chache, kisha futa kwa kitambaa kikavu ukielekea katikati ya chumba, ili weusi ubaki ukutani na kufifia ndani. Kona zenyewe zikolee. Kilichobaki kwenye kitambaa, pitisha kwa wepesi juu ya chumba kizima, siyo kupaka, bali kugusa tu. Mistari ya brashi itashika kidogo, mikwaruzo itashika zaidi, na rangi mbili zilizokuwa zinapigana zitapatana. Ikikolea kupita kiasi, una dakika chache za kuifuta kwa kitambaa chenye maji. Zikipita, hiyo ndiyo sakafu yako.

Vanishi

Iache siku nzima ikauke kwanza. Futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevunyevu, vua viatu, fungia paka nje.

Chagua vanishi ya maji aina ya poliyurethani, ya sakafu, yenye nusu mng'ao. Ile ya mafuta ni ngumu pia, lakini huwa ya manjano kadiri miaka inavyokwenda. Juu ya nyekundu na krimu manjano hiyo inasaidia, juu ya buluu inaua. Mng'ao mkali usiuchague kabisa. Unaonyesha kila mkwaruzo mpya, na sakafu ya umri mkubwa inayong'aa kama kioo haimdanganyi mtu.

Mikono mitatu, myembamba. Usitikise kopo, koroga taratibu kwa kijiti, kwa sababu mapovu yatakaukia sakafuni. Kati ya mkono na mkono pitisha msasa namba 220 kwa wepesi sana, ufute unga wake. Mkono wa kwanza usiuguse kwa msasa kabisa kwenye maeneo uliyopaka rangi ya uchafu, maana utaitoa. Njia za miguu zipe mkono wa nne. Kuzichakaza kwa sura si sababu ya kuziacha zichakae kwa kweli mwaka wa kwanza.

Kwa mguu mtupu au soksi unaweza kupita kesho yake. Fanicha irudi baada ya siku tatu, ikiinuliwa, isiburuzwe. Mazulia na mikeka isubiri wiki mbili, na vanishi yenyewe inafikia ugumu wake kamili karibu mwezi.

Sakafu zisizo za niru

Kwa mbao utaratibu ni uleule, ila mninga, mvule na mbao nyingine nzito hutoa rangi ya kahawia inayopenya kwenye rangi nyeupe, kwa hiyo piga kwanza praima ya shelaki, ile inayozuia madoa yasipenye. Sugua kwa kufuata nyuzi za mbao, na uchakavu uanzie kwenye kingo za ubao na vichwa vya misumari.

Sakafu ya chokaa ya nyumba za zamani za pwani ni habari nyingine. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na Lamu mwaka 2001, na nyumba nyingi za miji hiyo zina chokaa na mawe ya matumbawe juu ya boriti za mikoko. Chokaa inapumua. Ukiifunika kwa plastiki ya akriliki, unyevu unatafuta njia nyingine, na mara nyingi njia hiyo ni vichwa vya boriti. Sakafu hiyo tayari ni ya zamani, haihitaji kuigizwa. Na kwa Mji Mkongwe, matengenezo yanapita kwanza kwa Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe.

Kuitunza

Fagia kila siku, kwa sababu mchanga chini ya kandambili ndio msasa wa kweli. Dekio liwe limekamuliwa, maji yawe na sabuni laini kidogo. Polishi na mafuta ya taa mwisho wake ulikuwa siku ulipopaka vanishi: vinateleza juu yake na vitakuzuia usiweze kuongeza mkono mpya. Mkeka wenye mpira chini usiuweke moja kwa moja. Kemikali za mpira huhamia kwenye vanishi na kuacha doa lisilotoka. Miguu ya viti ibandikwe vipande vya zulia.

Vanishi ikianza kupauka mlangoni, kwa kawaida baada ya miaka kadhaa kutegemea na wingi wa watu, usisubiri ifike kwenye rangi. Sugua eneo hilo kwa namba 220, futa, ongeza mikono miwili, ukifikisha ukingo wa kiraka kwenye kizingiti au kwenye ufa ili usionekane. Na kitu kizito kikidondoka na kumega sakafu, paka nyekundu kidogo katikati ya jeraha kwa brashi ndogo, igusie rangi ya uchafu pembeni, kisha vanishi.